Marekani: Kuthibitisha umasikini mara ya pili

Nchini Marekani, mtu aliyenyimwa malipo ya ulemavu anaweza kupigania haki yake kwa muda mrefu bila ya kutozwa ada. Ombi la kwanza halina ada, wala kutaka lifikiriwe upya, wala kusikilizwa na jaji wa Shirika la Hifadhi ya Jamii, wala kukata rufaa katika baraza la shirika hilo. Ada hujitokeza katika hatua ya tano, anapokwenda mahakama ya shirikisho. Tangu mwezi Disemba 2023, kufungua kesi huko hugharimu dola 405.

Anayefika mlangoni hapo ni mtu ambaye hoja yake yote ni kwamba hawezi kufanya kazi. Na kama anaomba malipo ya SSI, yanayotolewa kwa wasio na uwezo, wakiwemo wakimbizi kutoka Kongo na Somalia, haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989.

Msamaha wa ada upo. Sheria yake ni ya mwaka 1892, ingawa hapo mwanzo iliwahusu raia peke yao; wageni walifunguliwa mlango mwaka 1959. Mahakama Kuu nayo iliamua mwaka 1948 kwamba mwombaji halazimiki kuwa fukara wa kutupwa. Lakini haikutaja kiwango cha fedha, na hapo ndipo penye utata: kila jaji hupima mwenyewe, na watu wawili wenye hali moja wanaweza kupata majibu tofauti katika miji tofauti.

Fomu ya ombi hutaka maelezo ya kipato, akiba, kodi ya nyumba na watu wanaomtegemea mwombaji. Fomu ndefu huuliza pia kipato cha mume au mke. Mhamiaji wa kwetu husita hapa. Je, aandike dola 50 anazompelekea mama yake Kigoma, au jaji ataona kuwa fedha anazo? Hofu hiyo inaeleweka, lakini kuficha ni hatari zaidi. Maelezo hayo hutolewa chini ya adhabu ya kusema uongo, na sheria inaiamuru mahakama kuifuta kesi ikibainika kwamba umasikini uliotajwa si wa kweli.

Jambo jingine ni muda. Mdai ana siku 60 tangu apokee uamuzi wa mwisho wa shirika. Anayezitumia kutafuta dola 405 kwa ndugu na jamaa anaweza kujikuta nje ya muda, ilhali angeweza kuwasilisha madai pamoja na ombi la msamaha siku moja. Ombi likikataliwa, kwa kawaida jaji humpa nafasi ya kulipa kabla ya kuifuta kesi.

Uingereza haitozi ada yoyote kwa rufaa ya namna hii katika baraza la kwanza la usuluhishi. Marekani imekwenda nusu ya njia. Kanuni zilizoanza kutumika Disemba 2022 zimerahisisha hati ya madai hata kurasa chache zikatosha, na mdai hahitaji tena kugharamia kuipeleka serikalini. Iliyobaki ni karatasi ya umasikini, inayodaiwa na serikali ile ile ambayo tayari ina jalada la kipato na mali ya mwombaji wa SSI.