Taarifa ya Mazingira ni Haki ya Mfanyakazi

Mtaalamu wa mazingira akilipwa na tajiri, nani atamsikiliza? Jirani zetu wa Mombasa wanajua. Mwaka 2009 Phyllis Omido, mwajiriwa wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na mtaa wa Owino Uhuru, alipewa kazi ya kuandaa taarifa ya athari kwa mazingira. Yeye na mtaalamu waliona hatari ya sumu. Akashauri kiwanda kihamishwe. Wakubwa wakampa kazi nyingine. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, watoto wameshadhurika kwa madini ya risasi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu ya kuwalipa wakazi shilingi bilioni 1.3. Fedha haziponyi sumu. Vyama vyetu na vidai nakala ya kila taarifa kabla tanuru halijawashwa.