Programu yenye sehemu zisizo na mwenyewe isipewe majina ya wahami

Kijana wa Goma ama Bukavu anayetengeneza programu ya simu ya kuandikisha familia za wahami haandiki kila kitu mwenyewe. Anachukua kwenye intaneti vipande vilivyoandikwa na wengine na kutolewa bure: kimoja cha kupanga tarehe, kingine cha kutuma orodha, kingine cha kuficha majina. Hakuna ubaya, bila hivyo kazi isingeisha. Hatari ni pale mwenye kipande alishaacha kukitunza, na kijana anakichukua kwa sababu tu bado kinafanya kazi.

Mwaka 2018 hatari hiyo ilionekana wazi. Dominic Tarr alikuwa ameandika kipande kinachoitwa event-stream, kikatumiwa na programu nyingi duniani. Yeye mwenyewe hakukihitaji tena, wala hakikumwingizia kitu. Mtu asiyemjua akamwandikia akitaka kukitunza, akampa. Mgeni huyo akapitisha humo msimbo wa kuiba funguo za bitcoin, pesa ya intaneti, kwa watumiaji wa programu ya Copay. Kwa wiki kadhaa watengenezaji waliendelea kukichukua, maana jina lilikuwa lile lile. Wengi walimlaumu Tarr. Lakini waliokula bure miaka yote, nani kati yao aliuliza anayepika ni nani?

Kwa muhami kinachoibiwa si bitcoin. Ni majina ya watoto, namba ya simu inayopokea pesa ya msaada, kijiji alichokimbia. Orodha kama hiyo ikifika kwa mwenye silaha, hakuna wa kuirudisha.

Si kila kilichonyamaza ni kibaya. Kipande kidogo cha tarehe, kinachosomeka chote asubuhi moja, kinaweza kukaa miaka bila kuguswa. Kijana akisome, akinakili, akitunze kama chake. Lakini kinachogusa majina ama pesa, kikikosa mwenyewe, kiachwe, hata kama uandikishaji utachelewa. Na kuchelewa kunauma, maana jetoni zinangojewa na tumbo halingoji.

Mashirika nayo yana sehemu yao. Mkataba unaolipa kutengeneza bila kulipa kutunza unazaa kipande kingine cha kutupwa. Komite ya kambi ina haki ya kuuliza, kabla mtu wa kwanza hajataja jina lake: mwaka ujao nani ataitunza programu hii, na analipwa na nani?