QADARI SI KICHAKA CHA KUJIFICHIA



Ndugu yangu wa Kiruruma, na wewe unayesoma ukiwa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda. Leo nasema na wanaume hasa. Akina mama someni, mtakuwa mashahidi.

Mwanamke akikuta uvimbe kwenye titi, huku kwetu utasikia maneno matatu. Mmoja atasema karogwa na mke mwenza. Wa pili atasema ni sidiria, au ni kuweka simu kifuani. Hao wawili waache, hawana ushahidi wowote. Wa tatu ndiye anayenikera, maana anavaa kofia kama mimi. Anasema, "Hiyo ni qadari ya Allah, tusubiri."

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni. Akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza, je, unaikimbia qadari? Jibu lake kila mtoto wa madrasa analijua: alikuwa anatoka katika qadari ya Allah na kwenda katika qadari ya Allah. Hakukaa chini akangoja ugonjwa umfuate. Sasa wewe unayeitaja qadari, nyumbani mwako umegeuza nini?

Naanza na ile mnayoikwepa. Rubisi. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka pombe katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani, pamoja na tumbaku. Na saratani ya titi imetajwa waziwazi. Mwili huigeuza pombe kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, inayojeruhi vinasaba. Tena pombe hupandisha homoni ya estrojeni, na uvimbe mwingi wa titi hukua kwa homoni hiyo. Hata kikombe kimoja kwa siku kinaongeza hatari. Utaniambia, "Sheikh, mimi sinywi." Maashallah. Lakini zile ndizi za pombe shambani kwako unamuuzia nani? Na mama jirani anayezikamua, akionja tangu asubuhi mpaka wateja waishe, si mtu? Najua wapo watakaoacha kunisalimia kwa hili. Na iwe hivyo.

La pili ni dawa za shambani. Hapa nitasema kwa uadilifu: ushahidi wake kwa saratani ya titi hauna uzito kama ule wa pombe. Lakini upo wa kututia hofu. Kule Oakland, California, watafiti walipima damu ya akina mama iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1959 hadi 1967, wakatoa matokeo mwaka 2007. Wale waliokuwa hawajatimiza miaka 14 wakati DDT ilipoanza kutumika kwa wingi, na ambao damu yao ilikuwa na kiwango kikubwa cha sumu hiyo, hatari yao ya kuugua kabla ya miaka 50 ilikuwa kama mara tano. Maana yake titi la binti linalokua ndilo dhaifu zaidi mbele ya sumu. Na sisi tunamtuma nani kuchanganya dawa ya nyanya? Binti wa miaka 12, kwa mikono mitupu, dawa imenunuliwa gulioni kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi wala jina. Kisha bomba linaoshwa mtoni pale pale anapochota maji.

La tatu ni kunyonyesha. Soma al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Mwaka 2002 watafiti walikusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, wakakuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3. Halafu wewe mwanaume unamrudisha mkeo kwenye jembe wiki ya pili, mtoto anaachiwa bibi na uji. Huyo mama ananyonyesha saa ngapi?

Wala asije mtu akamwambia mgonjwa, "Ungenyonyesha usingeugua." Wapo walionyonyesha, hawajaonja pombe, na wameugua. Kati ya wagonjwa 100, 5 hadi 10 wamerithi. Mgonjwa haulizwi hesabu. Anapelekwa.

Na hapo kwenye kupelekwa ndipo tunapoua. Tanzania wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Anza zahanati, nenda Nyakahanga, ukiandikiwa rufaa nenda Bukoba au Bugando, Mwanza, ambako kuna matibabu ya saratani. Usimwambie "subiri kahawa iuzwe." Uvimbe wa Februari haungoji mnada wa Julai. Ukiwa na pikipiki ya kuuza, uza. Huna, basi Ijumaa baada ya swala baki msikitini, useme mbele ya watu kwamba mkeo anahitaji nauli, nami nitakuwa wa kwanza kutia mkono mfukoni.

Wabillahi tawfiq.