Sola ni ya Mwenye Paa Pekee?

Jirani yangu hapa Kibokoni anauza barafu za ukwaju. Faida yake yote inaliwa na friji: leo tokeni, keshokutwa tokeni tena.

Utasikia mtu, "Si aweke sola!" Aweke wapi, ndugu yangu? Amepanga chumba orofa ya kwanza. Paa ni la mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe ni warithi saba, wawili wako Muscat.

Sola haina uchawi. Mwanga ukipiga silikoni unasukuma elektroni, umeme unaanza kutembea. Unatoka wa mkondo mmoja kama wa betri, kisha inveta inaugeuza uwe kama huu wa ukutani. Inayotakiwa ni nuru, si joto. Joto letu la Januari hata linapunguza umeme kidogo. Adui mkubwa ni kivuli, na Mji wa Kale nyumba zimebanana mpaka ghorofa moja jipya linamfunika jirani nusu ya siku. Kwa hivyo kila mtu na kapaneli kake, mimi sioni tukifika.

Lakini mapaa makubwa tunayo: shule, madrasa, masoko. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Sisi tuanze na 60 tu. Hizo ni paneli 120 za wati 500, na paa la mita za mraba 400 linazibeba.

Kuna watakaosema tunaharibu turathi. Mazee, milango ya nakshi na roshani ziko kichochoroni. Huko juu tayari ni mabati, matangi na madishi.

Kikwazo changu ni kingine. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Sawa, lakini anayepunguziwa ni mwenye mtambo. Mpangaji wa tokeni hayumo. (Stima ikikatika ni hadithi ya betri, tuiache leo.)

Kuchanga tunajua. Harusi tunachanga, matanga tunachanga, yote kwa M-Pesa. Basi tuchange paneli pia, na uniti za paa la madrasa ziingie kwenye mita ya kila aliyechanga, hata kama amepanga chumba kimoja. Atakayekuja kuomba kura mtaani nitamuuliza hilo kabla sijapokea fulana yake.