Kabla hujaposti pepo wa Menengai, nisikilize kwanza

Kama umekulia Nakuru, stori za Menengai ulizinywa pamoja na uji wa chekechea. Kama hukukulia huko, keti hapa nikumegee kidogo.

Kuna shamba chini ya kreta. Asubuhi unaliona likilimwa, saa sita mimea imeshachipuka, jioni mavuno yameondolewa, na hakuna trekta wala mtu aliyeonekana akishuka. Kuna mwavuli mkubwa unaoelea hewani mvua ikinyesha. Kuna watu walioenda kutafuta ng'ombe ama kuokota kuni, wakazunguka siku nzima mahali pamoja, kisha wakajikuta upande wasioujua. Na ule mvuke mweupe unaotoka katikati ya mawe? Hizo ni roho za mamorani, zinatafuta njia ya kwenda mbinguni.

Tamu, si ndiyo? Lakini leo sikuandikii nikuogopeshe. Nakuandikia kwa sababu mimi ni mmoja wa wale waliokuogopesha kwa uongo, na mtoto wa wenyewe nusura alipie.

Ilikuwa hivi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa. Nikabaki mjini na simu, data ya kuombaomba na muda mwingi. Siku moja mimi na mabeshte wawili tukapanda hadi kwenye ukingo wa kreta, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Jioni upepo huwa mkali pale juu. Tukaurekodi, nikaupunguza kasi kwa programu ya bure kwenye simu, ukatoka kama mtu anayelia kisimani. Nikaandika juu yake: "Sauti za mamorani waliokufa Menengai." Nikaposti. Kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa kuliko video nyingine zote nilizowahi kuweka zikiunganishwa. Nilijiona nimeingia.

Wiki kadhaa baadaye kijana mmoja anayewaongoza wageni kule kreta akanipigia simu. "Kuja hapa. Kuna dogo amepotea na wenzake wanataja video yako."

Walikuwa watatu, wanafunzi wa sekondari. Walishuka kulitafuta lile shamba. Chupa moja ya maji, hakuna sweta, hakuna aliyeaga nyumbani. Wawili walipanda tena kabla ya giza. Wa tatu alikuwa ameacha njia. Nilipofika nilimpata mama yake akiuliza kila mtu aliyekuwa pale: "Umemwona kijana wangu?" Na unajua watu walikuwa wanamjibu nini? "Mama, tulia. Wale wakichukua mtu, humrudisha wakitaka." Wengine walikuwa wameanza kwenda zao. Kama aliyemchukua ni pepo, utamtafuta na tochi ya nini?

Alipatikana asubuhi iliyofuata na wachungaji, mguu umechanwa na mawe, midomo imepasuka kwa kiu. Hai, shukuru Mungu. Niliifuta video siku hiyo hiyo. Lakini wewe unajua intaneti. Bado naletewa kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wasiojua ni yangu. "Umesikia hii? Inatisha!"

Sasa tuongee ukweli kuhusu mahali penyewe, kwa sababu ukweli wake unatisha kushinda upepo wangu.

Menengai ni volkano ambayo kilele chake kiliporomoka kikaacha shimo la takriban kilomita 12 kwa 8. Eneo lake ni kilomita za mraba 90 hivi, na kuta zake zinashuka karibu mita 485. Mjengo wowote unaoujua Nairobi, uweke chini pale, utaumeza. Sakafu yake si uwanja. Ni mawe meusi ya lava yenye makali kama chupa zilizovunjika, na vichaka vinavyofanana kila upande. Ukigeuka mara mbili, jiwe ulilolikumbuka limekuwa mawe mia. Asubuhi na wakati wa mvua kuna ukungu. Sauti hugonga kuta na kurudi kutoka upande mwingine, kwa hivyo anayekuita kulia unamsikia kushoto. Matundu ya mvuke hutoa pia gesi, nyingine zinanuka mayai yaliyooza, nyingine hazinuki kabisa, na zikijikusanya mahali pa bondeni zinaweza kukupa kizunguzungu. Na madoa ya nyasi katikati ya lava, ukiyatazama kutoka juu jua likihama, yanafanana sana na shamba lililopimwa. Mimi mwenyewe nimeyatazama nikasema, ehe, kumbe.

Haya hayamaanishi wazee wetu walikuwa wajinga. Fikiria vizuri: kama una watoto na unaishi karibu na shimo kama hilo, hakuna uzio, hakuna kibao, utawaambia nini wasishuke? Utawaambia kuna wenyewe. Kwa Kikuyu mlima ule unaitwa Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Jina hilo ni kibao cha "Hatari" kilichowekwa kabla ya vibao. Stori ilikuwa inamzuia mtoto asishuke. Mimi niliichukua stori ile ile nikaigeuza kuwa mwaliko. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndipo kosa la wengi wetu tunaosaka watazamaji lilipo.

Halafu kuna jambo la pili, zito zaidi. Wale pepo ni akina nani?

Jina Menengai lenyewe husemwa limetoka kwa Kimaasai, likimaanisha mahali pa wafu. Simulizi linalojulikana zaidi linasema kwamba katika karne ya 19 makundi mawili ya Wamaasai, Ilpurko na Ilaikipiak, yalipigana, na mamorani wa Ilaikipiak walioshindwa wakatupwa kutoka ukingoni. Mambo ya ukingoni ni masimulizi. Lakini vita baina ya Wamaasai katika karne hiyo vilikuwepo, na Ilaikipiak walivunjwa wakatawanyika. Vijana wa umri wako na wangu walikufa, na watu waliobaki wakamezwa na makundi mengine.

Ukiitoa sehemu ya kutisha, stori ya pepo wa Menengai inasema hivi: hapa watu waliuana, na damu haijatulia. Huo ni ukumbusho. Hatuna mnara, tuna mvuke.

Na Nakuru inahitaji ukumbusho huo kushinda mji mwingi. Mapema mwaka wa 2008 nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka kulala chini ya kitanda. Mji huu ulikuwa kati ya ile iliyoumizwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waligeukiana. Sasa niambie, mtoto anayezaliwa Nakuru leo atayasikia hayo wapi? Nyumbani watu wananyamaza. Ukiuliza, unaambiwa hayo yamepita. Lakini yule shosho ambaye hataki kuzungumzia 2008 atakusimulia ya Ilpurko na Ilaikipiak bila tatizo, mpaka mwisho, na atamalizia kwa kusema, "Ndiyo maana hawapumziki." Wakati mwingine wazee wanatuambia la jana kwa kutumia la juzi. Ni sisi hatusikilizi, tuko bize kutafuta angle ya kamera.

Najua utasema, "Wee, si ni stori tu? Acha watu wajiburudishe." Nakuelewa. Mimi sitaki stori za pepo zife. Kenya bila stori za pepo ni chai bila sukari. Ninachokataa ni mambo mawili.

La kwanza ni kutunga mpya kwa ajili ya watazamaji na kuziuza kama za kweli. Stori aliyopokea shosho wako imechujwa na vizazi, ina funzo ndani. Yako ya jana usiku ina nini ndani, zaidi ya programu ya kupunguza kasi?

La pili ni kumfanya pepo awe kisingizio. Mtu akipotea, pepo. Mtu akiokotwa amekufa, pepo. Pepo haandikiwi barua wala haitwi kwa kikao, kwa hivyo ni mshukiwa mzuri sana kwa kila mwenye kazi ambayo hakuifanya. Kama kuna watu wanaingia humo kila wiki, wengine kutembea, wengine kufunga na kuomba kwenye mapango ambako wapiganaji wa Mau Mau waliwahi kujificha, basi tuulize maswali ya wanaoishi. Njia zimewekwa alama? Nani anajua nani ameshuka na nani amepanda? Saa kumi na moja jioni kuna mtu anahesabu? Nakuru iko na hadhi ya jiji tangu Desemba 2021. Jiji linaweza kupaka mawe rangi.

Na kama unadhani ukweli hauna ladha, nikupe huu umalizie chai. Mwaka wa 2011 kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima vya mvuke mle ndani. Mpango ni mitambo mitatu, kila mmoja megawati 35, na wa kwanza ulianza kutoa umeme 2023. Ule mvuke tulioambiwa ni roho zinazotafuta njia, leo unapita kwenye mabomba na unaweza kuwa ndio umechaji simu unayonisomea. Si hayo tu. GDC imeonyesha kule kwamba joto hilo hilo linaweza kupasha maziwa, kufuga samaki, kufua nguo na kupasha joto banda la kupandia mimea. Umeshika? Mimea. Ndani ya kreta. Shamba limekuja kuwepo kweli, na waliolileta ni wahandisi na mafundi, baadhi yao rika letu. Mimi niliyekuwa nikitengeneza mzimu wa upepo, hiyo stori ilikuwa mbele ya pua yangu na sikuiona.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, nenda Menengai. Kwa kweli nenda, ni mahali pazuri kuliko picha zote. Nenda mchana, na mwenyeji anayezijua njia, na maji ya kutosha, na umwambie mtu nyumbani saa utakayorudi. Usiache njia kumfuata mtu yeyote wala chochote, aliye hai ama mfu. Mtu akipotea, piga kelele, ita watu, anza kutafuta saa hiyo hiyo. Mkikosa kumpata ndani ya saa ya kwanza msiseme amechukuliwa. Semeni bado hatujamfikia.

Na ukitaka kuposti, posti. Lakini kwanza mtafute mzee mmoja, akusimulie mpaka mwisho, na usimkate pale penye kutisha. Muulize walikufa akina nani, na kwa nini. Kisha muulize alikuwa wapi 2008. Huenda akanyamaza. Mpe muda.

Yule dogo tulikutana tena mwaka huu mjini, amerefuka, kovu liko mguuni. Nilimwomba msamaha. Akacheka, akasema ameshanisamehe kitambo, ila kuna kitu anataka kuniuliza.

"Ile sauti, bro. Ilikuwa ya kweli?"

Nikamwambia ilikuwa upepo. Akanyamaza kidogo. "Hata mle ndani usiku niliusikia," akasema. "Nilikuwa nafikiri ni mamangu ananiita."

Mamake alikuwa akimwita kweli, usiku kucha, pale juu ukingoni. Ni wengine ndio walikuwa wamenyamaza.