Usisubiri Tumbo Lionekane

Mimba yangu ya kwanza niliificha mpaka mwezi wa tano. Bibi alisema isitangazwe, watu wana macho, nami nikavaa dera pana nikanyamaza. Nilipofika kliniki, muuguzi alinishusha kope la chini kwa kidole gumba, akaguna. Damu haikutosha. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ningekuwa nimevimeza miezi mitatu, ndiyo kwanza nakabidhiwa.

Bibi simlaumu. Lakini muuguzi si wa kufichwa. Dada yangu, ukikosa siku zako na kipimo kikasema ndiyo, nenda, hata kama jirani hajui. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, na hadi kujifungua yafike manane. Siku hiyo ya kwanza unapimwa damu, kaswende na virusi vya Ukimwi, mambo ambayo yakijulikana mapema mtoto anakingwa. SP nazo, vile vidonge vitatu vya kukinga malaria unavyomeza muuguzi akikutazama, huanza kama mwezi wa nne, na dozi na dozi hupishana mwezi. Anayeanza kliniki mwezi wa nane atapata ngapi?

Presha ipimwe kila hudhurio, foleni iwe ndefu namna gani. Wakikuruka, wakumbushe kwa adabu. Kichwa kinachogonga bila kutulia, maruerue machoni, uso na mikono kuvimba: huo si uchovu wa mimba. Kifafa cha mimba huanza hivyo, kisha mama akianguka na kukakamaa watu husema ana mapepo. Anapelekwa kwa mganga saa zile zile ambazo angekuwa hospitalini anachomwa sindano ya magnesiamu.

Nanyi shemeji zangu, ile kadi ya kliniki inayokaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, itoeni muisome. Tarehe ya kurudi imo. Nauli iwekwe kando sasa, si uchungu ukishaanza. Kusindikiza ni vizuri sana. Ila wahudumu wetu, tafadhali, aliyekuja peke yake msimrudishe. Mwenzake huenda yuko machimboni, huenda alishakimbia. Kumtuma akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa ni kumwambia asije tena.

Hapa Tanzania, dharura ikitokea, kwa mjamzito, aliyejifungua au kichanga, piga 115 bure. Ni mfumo wa m-mama: pasipo na gari la wagonjwa, huitwa dereva aliyesajiliwa hapo hapo katika jamii. Nimekuta wake kwa waume wasioijua namba hiyo kabisa. Iandikeni kwa chaki nyuma ya mlango, chini chini, aweze kuisoma hata mtoto wa darasa la tatu atakayekuwa amebaki na mama yake nyumbani.