Stakabadhi Yenye Utepe

Msiba ulikuwa nje kidogo ya Singida mjini, kule ambako mashamba ya alizeti yanakoma na majabali yanaanza. Maturubai mawili, viti vya kukodi, na ule upepo wetu wa Julai unaokutilia vumbi kwenye sahani kabla hujanawa. Msomaji wa wasifu alipofika kwenye ukoo wa marehemu alinyamaza kidogo, akakohoa, kisha akapandisha sauti: marehemu ni mjukuu wa chifu aliyetunukiwa nishani na Malkia wa Uingereza kwa kumtumikia Malkia kwa uaminifu. Watu wakaguna kwa heshima. Mzee aliyekaa pembeni yangu akanigusa goti. "Umesikia, mwanangu? Hawa si watu hivihivi."

Mazishi yalipokwisha niliomba kuiona. Ililetwa imefungwa kwenye leso, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ni ya fedha, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, utepe wake mwekundu umechujuka. Mbele kuna uso wa Elizabeth akiwa bado binti, taji kichwani. Nyuma kuna herufi za jina lake na maneno ya Kiingereza kwamba alitawazwa tarehe 2 Juni 1953. Nikaitazama ukingoni, nikaizungusha mara mbili. Nilikuwa natafuta jina la chifu. Hakuna. Ukingo ni mtupu kama ulivyotoka kiwandani.

Sikusema kitu, maana msibani hapabishaniwi. Nasema hapa.

Imani kwamba Malkia alimheshimu babu, na kwamba heshima ile imebaki kwenye damu ya ukoo, imeenea kuliko tunavyokubali. Utaisikia kwenye posa, kwenye kampeni za udiwani, hata kwenye ugomvi wa mipaka ya shamba. Tangu machifu walipomvika Rais Samia jina la Hangaya kule Mwanza mwaka 2021, na mavazi ya kichifu yakarudi majukwaani, makopo ya aina ile yamefunguliwa kwa wingi. Sina ugomvi na machifu kuvaa ngozi na kushika usinga. Ugomvi wangu ni na ile sentensi ya msibani, kwa sababu karibu kila neno lake si kweli.

Tuanze na Malkia. Nishani ya kutawazwa ya 1953 waligawiwa watu wapatao 138,000 duniani kote. Baba yake alipotawazwa mwaka 1937 ziligawiwa zaidi ya 90,000, na miaka miwili kabla ya hapo, mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 kwenye kiti, zaidi ya 85,000. Kila nchi ya himaya ilipewa mgao wake, kama tunavyopewa mgao wa mbolea ya ruzuku. Majina yalipangwa hukuhuku, na maofisa wa serikali ya kikoloni. Mle ndani walikuwamo makarani, askari polisi, wamisionari, walimu, na machifu. Malkia hakuona orodha ya Singida. Hakuwa na haja ya kuiona, na nishani zilipigwa bila majina. Waliopanda mlima Everest mwaka huohuo walipewa nishani 37 zilizochorwa ukingoni jina la msafara wao. Kwa hiyo mashine ya kuchora ukingo ilikuwapo. Haikuwashwa kwa ajili yetu.

Halafu hilo neno "kumtumikia". Hapa ndipo nacheka peke yangu, kwa kuwa Waingereza wanayo nishani ya kumtumikia mfalme hasa, na wanaijua tofauti yake vizuri sana. Malkia Victoria aliianzisha tarehe 21 Aprili 1896. Wakati huo nishani nyingine zote zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa mawaziri: wao ndio walioamua nani apewe, yeye akabaki kutia saini. Bibi yule, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu miaka 60, akataka nishani yake mwenyewe ya kumpa amtakaye bila kuomba ruhusa. Ndiyo Nishani ya Kifalme ya Victoria. Mpaka leo mawaziri hawaigusi. Wanapewa madereva wa jumba la kifalme, wapishi, walinzi, makatibu, watunza farasi, yaani watu wanaojua mfalme anakunywa chai na sukari ngapi. Margaret MacDonald, yaya aliyelala chumba kimoja na Elizabeth alipokuwa mtoto, kisha akawa mtunza nguo zake mpaka uzeeni, aliipata. Abdul Karim, kijana wa Agra aliyefika 1887 kuhudumu mezani akaishia kumfundisha Victoria Kihindustani, alipandishwa hadi ngazi yake ya tatu mwaka 1899, na watu wa jumba wakanuna kwelikweli.

Kwa maneno mengine, kuna nishani ya kumtumikia mfalme na kuna nishani ya kutumikia boma, na chifu wetu alipewa ya pili. Wajukuu wanamsomea wasifu wa ya kwanza.

Mara moja mtu wa damu ile aliyekuwa njiani kuwa mfalme alikaribia kwetu kiasi kwamba utumishi wa ana kwa ana uliwezekana. Mwishoni mwa Novemba 1928 Edward, mtoto mkubwa wa George wa Tano, alikuwa kwenye safari ya kuwinda Tanganyika, naye alifika Dodoma. Simu za maandishi zikafika kutoka London, kwa waziri mkuu Baldwin: baba yako yu mahututi, rudi. Katibu wake, Alan Lascelles, akamsomea. Lascelles mwenyewe ameandika kwamba mtoto wa mfalme alisema haamini hata neno, kwamba ni hila tu za uchaguzi za mzee Baldwin, kisha akatoka zake kwenda kumtongoza mke wa ofisa mmoja wa serikali pale pale. Lascelles alimwambia ukweli usoni, na muda si mrefu akaacha kazi. Baadaye alirudi kumtumikia George wa Tano, kisha George wa Sita, kisha Elizabeth, akavikwa ngazi ya juu kabisa ya nishani ile ya Victoria.

Sijui kama kuna kisa kingine kinachoeleza vizuri zaidi utumishi huo ni nini. Ni kumwona bwana mkubwa akiwa mjinga, kumwambia, kumsitiri, na kurudi tena kazini. Ni kazi ya mtu wa ndani. Chifu wa Jimbo la Kati, ambalo Singida ilikuwa sehemu yake, hakuwa mtu wa ndani. Alisimama nje ya uzio akisubiri kuitwa.

Sasa, boma lilimlipa kwa kazi gani? Hapa tusipepese macho. Wanyaturu hawakuwa na ufalme. Mambo yao yaliendeshwa na wazee wa koo na waganga wa mvua, na wanaanthropolojia waliokuja kuishi huku, Harold Schneider na Marguerite Jellicoe, wameyaandika hayo kwa urefu. Mjerumani alihitaji mtu wa kumpigia kelele kodi isipofika, akamtafuta. Mwingereza akamrithi mtu huyo, na gavana Donald Cameron alipofika 1925 akaja na nadharia nzima kwamba Waafrika watawaliwe kupitia watawala wao wa asili. Sheria yake ya mwaka 1926 ikampa chifu baraza, hazina, karani na mshahara, na mshahara ulitoka kwenye kodi ileile aliyoikusanya. Mahali ambapo chifu wa asili hakuwapo, alipatikana. Kwa Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni hadithi ina mikunjo yake, kwani kule watemi walikuwapo kabla ya mkoloni. Lakini wote walipimwa kwa mzani mmoja: kodi imetimia au haijatimia, vijana wametoka au hawajatoka.

Vijana walitoka. Asiyekuwa na shilingi ya kodi alikwenda kuitafuta kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, akawa manamba, na wengine waliingia mashimo ya Sekenke kule Iramba. Sekenke hiyohiyo ndiyo iliyotoa dhahabu ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, zenye tembo upande mmoja na tai wa Kaisari upande wa pili. Wakusanyaji wa Ulaya leo wanauziana sarafu hizo kwa fedha nyingi sana. Nikiikumbuka ile nishani kwenye kopo la maziwa huwa nawaza hivi: dhahabu ilitoka, ikarudi fedha gramu chache. Na fedha hiyo tukaiita heshima.

Najua jibu linalokuja. Kwamba ninawaita mababu vibaraka. Sivyo, na hilo la vibaraka nalo ni uvivu wa kufikiri wa aina nyingine. Mtu aliyekuwa kati ya boma na kijiji alikuwa na njia chache, na wengine walizitumia kwa akili: walichelewesha hesabu, walifumba macho mzee akificha ng'ombe. Mimi sihukumu aliyepokea. Nawasema wajukuu, ambao hakuna aliyewashikia kiboko, lakini wanaisoma stakabadhi ya kodi kama barua ya mapenzi.

Wanaotaka kujua nishani za mfalme zilimlinda nani, waitazame Buganda. Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu wa ufalme ule, alisafiri mpaka London mwaka 1902 kushuhudia Edward wa Saba akitawazwa, na baadaye akapewa cheo cha "Sir". Huyo hakuwa chifu wa kuokotwa: alikuwa ameishika Buganda kwa zaidi ya miaka 30. Alipogombana na ofisa mmoja wa Kiingereza, kijana kwake, kuhusu vibali vya pombe, serikali ilimsikiliza kijana. Kagwa alijiuzulu mwaka 1926, na mwaka uliofuata akafia Nairobi. Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa na kitu cha karibu zaidi: alikuwa kapteni wa heshima wa Grenadier Guards, walinzi wa mfalme wenyewe. Tarehe 30 Novemba 1953, miezi sita hata haijatimia tangu Malkia atawazwe, gavana Andrew Cohen alimpandisha ndege ya jeshi la anga akampeleka uhamishoni kwenye nchi ya Malkia huyohuyo. Hata Abdul Karim, aliyekuwa na nishani ya kweli, Victoria alipofariki 1901 mwanawe aliagiza barua zake zote zichomwe, akarudishwa kwao Agra.

Huku kwetu mambo yalikwisha kimya zaidi. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilifuta mamlaka ya machifu, na aliyeongoza serikali hiyo alikuwa Nyerere, mwenyewe mtoto wa chifu wa Wazanaki. Kama wale machifu walikuwa watumishi wa Malkia, hapo ndipo London ingepaswa kunyanyua simu.

Huwa naambiwa, basi Singida tumuenzi Liti. Sawa, tunamuenzi: uwanja wa mpira uliokuwa Namfua leo unaitwa kwa jina lake, mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee husimulia kwamba aliwatuma nyuki wakawatimua Wajerumani. Ninapenda sana kwamba timu za ligi zimewahi kuja kufungwa kwenye uwanja wa mama wa nyuki. Ila nina shaka na haraka yetu ya kutoa sanamu moja kwenye kigoda na kuweka nyingine. Mtu wa msibani akisoma kesho kwamba marehemu ni kilembwe wa Liti, kwa sauti ileile na koo lilelile, tutakuwa tumebadilisha jina tu kwenye wasifu. Bado tutakuwa tunatafuta mkubwa wa kujishikiza kwake.

Niliirudisha nishani kwenye leso, leso kwenye kopo. Waliokuwa wamekaa karibu waliendelea kusimulia jinsi Bwana Shauri, yule ofisa wa boma, alivyokuwa akija kulala kwa chifu siku za hesabu ya kodi, kitanda chake cha turubai kikibebwa na watu wanne, na kuku watatu wakichinjwa. Nikauliza nani alikuwa akiwapika hao kuku. Kimya kidogo; swali halikuwa kwenye wasifu. Bibi mmoja aliyekuwa anaosha masufuria karibu na mafiga akasema bila kugeuka kwamba ni mama yake. Alimpikia Bwana Shauri miaka yote ile, alijua kwamba hali pilipili na kwamba mayai anayataka yameiva kabisa.

"Sasa bibi, yeye walimpa nini?"

Akamwaga maji, akafikiri.

"Chumvi," alisema. "Kopo moja. Na kopo alidaiwa arudishe."